Piga 9 Kwanza

Karatasi iliyotoka New Haven, jimbo la Connecticut nchini Marekani, tarehe 21 Februari 1878, ilikuwa na majina 50 na haikuwa na namba hata moja. Ndiyo inayotajwa kuwa orodha ya kwanza ya wenye simu duniani. Waliomo walipangwa kwa mafungu: makazi ya watu, madaktari, wenye maduka, viwanda, wauza nyama na samaki, pamoja na polisi na posta. Aliyemtaka daktari alimwita opereta akamtajia jina, basi. Opereta alimjua daktari, alijua na waya wake umefungwa wapi. Mtambo wenyewe, uliobuniwa na George Coy na kufunguliwa wiki chache nyuma, tarehe 28 Januari, ulianza na wateja 21, na inasemekana aliuunga kwa bolti za magari ya farasi na vishikio vya vifuniko vya birika.

Mwaka mmoja baadaye surua ilizuka Lowell, Massachusetts. Mji huo ulikuwa na wenye simu zaidi ya 200 na maopereta wanne, na hao wanne walibeba kichwani ramani nzima ya nani yuko tundu lipi. Daktari Moses Greeley Parker akapiga hesabu yake kitabibu: surua ikiwalaza wote wanne kwa mpigo, watakaokalia viti vyao hawatajua pa kuchomeka. Akashauri kila mteja apewe namba. Wakubwa wa kampuni walisita, wakihofu wateja wataona wamedharauliwa, mtu mzima na heshima zake kuitwa 114. Lakini hoja ya daktari haikuwa na jibu, na namba zikaanza.

Tukio hili dogo lina maana kuliko linavyopewa nafasi vitabuni. Namba ya simu ilibuniwa kwa ajili ya opereta mgeni. Anayepiga hakuihitaji, alikuwa na jina. Na nikiitazama safari yote iliyofuata, mpaka kwenye programu tunazopigia simu ofisini leo kwa kubofya jina kwenye kioo, naiona ni habari moja: ujuzi uliokuwa kichwani mwa opereta ulitolewa humo ukawa unahamishwahamishwa, mara kwa mteja, mara kwa mashine, mara kwa mtu wa TEHAMA, na kila ulipohama ulidondosha kitu njiani.

Aliyemwondoa opereta alikuwa mfanyabiashara wa mazishi. Almon Strowger wa Kansas City, Missouri, kwa mujibu wa simulizi maarufu, alikuwa na mshindani ambaye mkewe ni opereta wa simu. Wafiwa waliopiga wakimtaka Strowger waliunganishwa kwa mshindani. Simulizi inaweza kuwa imekolezwa chumvi, ila hati haina chumvi: tarehe 10 Machi 1891 Strowger alipewa hataza ya mtambo wa kuunganisha simu pasipo binadamu, na tarehe 3 Novemba 1892 mtambo wa aina hiyo ukaanza kuhudumia watu La Porte, jimbo la Indiana. Mwanzoni mteja alibonyeza vitufe vilivyohitaji waya kadhaa kutoka nyumbani kwake hadi mtamboni. Mwaka 1896 kikaja kisahani cha kuzungusha kwa kidole, kile ambacho wazee wetu walikikuta kwenye simu nyeusi nzito za maofisini.

Inafaa kuuangalia mtambo huo kwa karibu, maana tabia zake bado zimo kwenye simu zetu ingawa chuma chake kimeshauzwa skrepa. Mbele ya mkono mmoja wa chuma kuna vituo 100, safu 10 zilizopandana, kila safu ina vituo 10. Unazungusha 4 na kuachia. Kisahani kinaporudi kinakata umeme mara nne, tik tik tik tik, na kila mkato unaupandisha mkono hatua moja. Sasa uko safu ya nne. Unazungusha 7, mkono unageuka hatua saba kuingia ndani ya safu. Umefika kwenye 47. Sifuri ni mikato 10, ndiyo maana iko mwisho wa kisahani na si mwanzo. Mji ukikua, mkono wa kwanza haukufikishi kwa mteja, unakukabidhi kwa mkono mwingine, nao kwa mwingine, tarakimu kwa tarakimu.

Kwa hiyo namba iligeuka kuwa maelekezo ya njia, na maelekezo yana tabia moja: yanategemea umeanzia wapi. Ukimwambia mtu ashuke Msimbazi akate kulia, umeshachukulia kwamba anatoka upande fulani wa Kariakoo. Akitokea upande wa pili atapotea, na maneno yako hayana kosa lolote. Opereta wa New Haven hakuwa na tatizo hili. Yeye alijua unapigia wapi na anayetafutwa yuko wapi. Strowger alimtoa opereta, na mzigo wa kujua mahali ulipo ukakuangukia wewe mwenye kidole.

Ofisini ndiko mzigo huo ulikoonekana mapema. Kampuni yenye vyumba 60 haikuona sababu ya kulipia waya 60 kutoka mtambo wa mji. Ilifunga mtambo wake mdogo, ikawapa wafanyakazi namba fupi za ndani, ekstensheni, na kukodi nyaya chache za nje za kugawana. Mhasibu alimpigia mtunza ghala kwa tarakimu tatu. Je, akitaka kumpigia mteja wa nje? Kwenye mitambo ya Strowger ya Kiingereza safu ya 9 ilifungwa nyaya za kutokea. Ukizungusha 9, mkono ulipanda hatua tisa, kisha ukajitafutia wenyewe waya usio na mtu, na mlio wa mtambo wa mji ukaja sikioni. Safu ya 0 ilikupeleka kwa opereta wa ofisi. Nchi nyingi za Bara la Ulaya zilichagua 0 kuwa ndiyo mlango wa nje. Hakuna falsafa hapo, ni mahali fundi alipofunga waya. Ila maofisi yakazoea, na vizazi vya watumishi vikaajiriwa na kustaafu vikijua kwamba kabla ya namba yoyote ya nje, piga 9 kwanza.

Kupiga simu mji kwa mji bila opereta kulichukua muda zaidi. Kampuni ya AT&T ilikamilisha mwaka 1947 mpango wa kuigawa Marekani na Kanada katika maeneo 86, kila eneo na msimbo wa tarakimu tatu. New York ilipewa 212, Los Angeles 213, Chicago 312. Ukizihesabu kwa mikato utaona ujanja: 212 ni mikato mitano tu. Miji yenye watu wengi ilipewa misimbo inayozungushwa haraka, na kwingineko kukapewa misimbo ya kuchosha kidole. Tarehe 10 Novemba 1951 meya wa Englewood, New Jersey, Leslie Denning, alizungusha mwenyewe namba ya meya mwenzake wa Alameda, California, upande wa pili wa bara, na baada ya sekunde 18 wakawa wanaongea. Uingereza ilingoja hadi tarehe 5 Desemba 1958, siku Malkia Elizabeth alipokaa mtamboni Bristol akampigia meya wa Edinburgh bila opereta. Waliongea dakika mbili na sekunde tano, gharama peni 10.

Waingereza waliamua kwamba anayetoka nje ya mji wake aanze na 0. Sifuri hiyo ilikuwa ni taarifa kwa mtambo: hii si ya hapa mjini, ni ya mbali. Ni kama ile 9 ya ofisini, mlango tu, ila mlango wa mji. Nchi zilizorithi mitambo ya Kiingereza zilirithi na sifuri yake, na ndiyo tunayoiandika mpaka leo mwanzoni mwa 022 ya Dar es Salaam, 041 ya Mombasa, na mwanzoni mwa 0754 au 0713 ya mkononi ambako hakuna mji wa kutoka wala wa kuingia. Sifuri si sehemu ya namba. Watu wachache sana wanalijua hilo, na naweza kusema nusu ya matatizo ya orodha za simu maofisini yanaanzia hapo.

Marekani hapakukosa waliochoka na tarakimu. Namba zao za zamani zilianza na jina la mtambo, herufi mbili kisha tarakimu, na kampuni ilipoanza kufuta majina hayo watu wa San Francisco waliunda mwaka 1962 umoja wa kupinga upigaji kwa tarakimu tupu. Msomi wa lugha S. I. Hayakawa, aliyekuja kuwa seneta, alikuwa miongoni mwao. Walishindwa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Novemba 1963, simu za kubonyeza zikaanza kuuzwa katika miji miwili ya Pennsylvania, na kidole kikasahau mikato.

Kazi kubwa ilifanyika Geneva. Kamati ya kimataifa ya simu na telegrafu, chini ya Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ilikubaliana mwaka 1964 kuigawa dunia nzima kwa misimbo ya nchi. Tarakimu ya kwanza ni ya kanda. Afrika ikapewa 2. Misri ilipata 20 na Afrika Kusini 27, tarakimu mbili mbili; wengi wetu tukapata tatu. Kenya 254, Tanzania 255, Uganda 256, Burundi 257, Msumbiji 258. Ipo na 259, iliyotengewa Zanzibar. Aprili mwaka huohuo Zanzibar na Tanganyika ziliungana, na 259 haikuwahi kufanya kazi. Unguja na Pemba zinapigiwa kwa 255, zikiwa na 24 yao ndani. Mpango una hekima ya kimashine ambayo haionekani kwa mara ya kwanza: hakuna msimbo ulio mwanzo wa msimbo mwingine. Mtambo ukisikia 27 umeshamaliza, ni Afrika Kusini. Ukisikia 25 unajua lazima ije ya tatu.

Ila kufika kwenye msimbo wa nchi kulihitaji mlango wa tatu, mlango wa kutoka nchini, na kila nchi ilijichongea wake. Ulaya wengi walikuja kukubaliana 00. Marekani ni 011. Huku kwetu ni 000, na sababu unaiona ukipiga simu ya mezani kwenda kwa jirani. Kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi unapiga 005. Kwenda Kampala ni 006. Mkenya anayeipigia Tanzania anaanza na 007. Nchi tatu ambazo simu na posta zao ziliwahi kuendeshwa na shirika moja la Afrika Mashariki, lenye makao makuu Kampala hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, hazijawekana kwenye fungu la ng'ambo. Ng'ambo ni 000, jirani ana mlango wake. Napenda sana jambo hili, ingawa wenye programu za ofisi wanalichukia, kwa sababu tutakayoiona.

Sasa hesabu milango. Mtumishi wa ofisi Dar aliyempigia mtu London alibonyeza 9 kutoka ofisini, 000 kutoka nchini, 44 ya Uingereza, kisha namba ya mji wa London bila sifuri yake ya mbele. Mwenzake aliyekaa Manchester aliubonyeza ule ule mji na sifuri, bila 44. Aliyekaa London kwenyewe hakuhitaji hata mji. Mtu mmoja anayepigiwa, njia tatu za kumpigia, na zote sahihi.

Dawa ya hilo ni alama ya kujumlisha. Mapendekezo ya Geneva kuhusu uandishi wa namba yalisema namba ya kimataifa iandikwe ikianza na +, kisha msimbo wa nchi, kisha namba ya ndani pasipo sifuri ya mlango. Alama ile haina mlio wala mkato. Maana yake ni: weka hapa mlango wowote unaotumika mahali ulipo. Kwenye karatasi ilibaki kuwa ushauri kwa msomaji. Simu za mkononi za GSM, ambazo simu yake ya kwanza ya kibiashara ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991, ziliifanya kitu cha kweli. Ukishikilia 0 mpaka + itokee, simu yako haitumi alama. Inaweka ndani ya ujumbe wake kwa mtandao bendera ndogo inayosema namba hii ni kamili, ya kimataifa. Mtandao unajua uko nchi gani, kwa hiyo unajua mlango. Kwa mara ya kwanza tangu Strowger, namba ilitoka kuwa maelekezo ikawa anwani. Mtu aliyesevu +255 na kuendelea anaweza kupiga akiwa Tandale, Muscat au Toronto bila kubadili tarakimu. Mwaka 1996 ulipokwisha, urefu wa juu wa namba hizo uliruhusiwa kufika tarakimu 15, ukihesabu na msimbo wa nchi.

Ingekuwa watu wote wameanza na simu za mkononi, historia ingeishia hapo. Lakini ofisi zilikuwa na kompyuta, na kompyuta zilikuwa na majina ya wateja.

Mwaka 1993 Microsoft na Intel walitoa utaratibu wa kuunganisha programu za Windows na simu, ukijulikana kwa kifupi TAPI, na Windows 95 ikaubeba ndani yake. Aliyewahi kufungua ukurasa wake wa mpangilio wa upigaji atakumbuka maswali. Uko nchi gani? Msimbo wa eneo lako ni upi? Kutoka nje unapiga namba gani? Je, kuna huduma ya simu inayongoja, na inazimwa kwa *70? Ukiyajibu, ulikuwa unaijulisha kompyuta kitu ambacho opereta wa New Haven alikijua bila kuambiwa, yaani ulipokaa. Namba za wateja zilihifadhiwa kwa umbo moja, + na msimbo wa nchi, msimbo wa mji ndani ya mabano, kisha namba yenyewe. Kompyuta ilipopiga ililitazama umbo hilo, ikatazama na ulipo, ikajitungia njia: kata mji kama mko mji mmoja, weka mlango wa mbali kama hamko, weka wa nchi kama ni nje, tanguliza 9 kama uko ofisini. Ukisafiri na laptop ulibadili mahali, na orodha haikuguswa. Ulikuwa mpango safi, na nathubutu kusema ni safi kuliko mingi iliyoufuata. Kasoro yake ilikuwa mtumiaji. Mtu aliyeandika 9-022 kwenye kisanduku cha namba, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kubonyeza, aliyavunja mahesabu yote, na wengi waliandika hivyo.

Kizazi kilichofuata kikaona ni heri kumwacha mtumiaji aandike anavyotaka na kumsahihisha nyuma ya pazia. Seva ya mawasiliano ya ofisi iliyotolewa na Microsoft mwaka 2007, kisha Lync mwaka 2010, Skype for Business mwaka 2015 na hatimaye Teams, zote zimekwenda kwa kanuni za kusawazisha namba. Mtaalamu wa kampuni anaandika orodha: ikija namba inayoanza na 0 na kufuatiwa na tarakimu tisa, ondoa 0 na utangulize +255. Ikija yenye tarakimu nne inayoanza na 2, hiyo ni ekstensheni ya jengo letu, itangulizie namba ya kampuni. Ikianza na 000, ondoa, weka +. Programu inazipitia kanuni kutoka juu kwenda chini na kuishika ya kwanza inayolingana, kwa hiyo mpangilio una uzito. Kanuni pana ikikaa juu inaimeza nyembamba iliyo chini, na ekstensheni ya mtu wa stoo inaishia kupiga nyumba ya watu.

Kilicho kizuri kwa mwanahistoria ni mabaki. Seva ile ya 2007 na Lync ya baada yake zilikuwa zinasoma namba za wafanyakazi wote kutoka kitabu cha kampuni, na kila namba isiyolingana na kanuni yoyote iliandikwa kwenye faili la maandishi lenye jina Invalid_AD_Phone_Numbers.txt. Faili la namna hiyo ni historia ya miaka 40 ya simu ikiwa imelala kwenye diski. Katika ofisi ya Kitanzania mtu hutarajia kuikuta ndani yake 051 ya Dar es Salaam, msimbo uliokufa ilipokuja 022. Kuna 0744, iliyobadilika kuwa 0754. Kuna namba mbili zilizobanwa kisanduku kimoja kwa mkwaju katikati. Kuna ya ofisi yenye /4 mwishoni, ikimaanisha namba nne zinazofuatana, jambo ambalo kila katibu muhtasi alilielewa na hakuna mashine iliyowahi kulielewa. Na kuna ile ya barua rasmi zote, +255 (0) 22.

Hiyo ya mwisho inastahili neno. Mabano yanamwambia msomaji: ukiwa ndani ya nchi piga 0, ukiwa nje iache. Ni busara ya mtu kwa mtu, na mapendekezo ya Geneva yanaikataza waziwazi kwenye umbo la kimataifa. Mashine huyafuta mabano kwa kuwa imefundishwa kwamba mabano ni pambo, na kinachobaki ni +255022, namba isiyokuwepo popote duniani. Simu haiiti. Mpigaji anaweka mkonga chini na kulaumu mtandao.

Lahajedwali nayo imefanya madhara yake kimyakimya. Andika 0754 na tarakimu zake sita kwenye Excel. Itaona ni hesabu, na hesabu haianzi na sifuri, kwa hiyo itaikata. Andika basi kwa +255. Itaona unajumlisha, itaifuta alama, na namba ya tarakimu 12 itaonekana 2.55754E+11. Tarakimu bado zimo ndani ya kisanduku, lakini ukilihifadhi faili kwa umbo la maandishi jinsi lilivyo, kinachosafiri ni hicho kinachoonekana. Orodha ya wateja 3,000 inahamia programu mpya ya simu, na wateja wengi wa mtandao mmoja wana namba moja. Dawa ni kukifanya kisanduku kuwa cha maandishi kabla ya kuandika, na iliandikwa kwenye miongozo tangu zamani.

Hata kanuni zilizoandikwa vizuri zinazeeka. Programu nyingi hutoka kwa watengenezaji wa Ulaya zikiwa na kanuni ya kubadili + kuwa 00 simu inapotoka kwa laini ya mezani. Kwa Berlin ni sawa. Kwa Dar es Salaam, ambako mlango ni 000 na Nairobi ina 005 yake, simu haifiki, na fundi anayesoma mwongozo wa Kijerumani haoni kosa liko wapi. Kenya ilileta somo lingine mwaka 2019. Namba za 07 zilikuwa zinakwisha, na mamlaka ya mawasiliano ikafungua 010 na 011 kwa mitandao ya simu za mkononi. Programu zilizofundishwa kwamba simu ya mkononi ya Kenya ni 07 na tarakimu nane zikazikataa namba mpya kuwa ni batili, kwenye fomu, kwenye vituo vya huduma kwa wateja, kwenye orodha za ofisi. Mwenye umri mkubwa kidogo Mombasa alikuwa na sababu yake ya kushangaa: 011 ilikuwa msimbo wa mji wake kabla ya 041, na barua za zamani zenye namba hiyo bado ziko makabatini.

Yote hayo ni usumbufu. Ile 9 ilileta jambo zito zaidi. Mahali ambapo namba ya dharura ni 999, kama Kenya na Uingereza, mtambo wa ofisi uliozoezwa 9 unaweza kuimeza ya kwanza kama mlango na kupeleka nje 99. Mitambo mingi imepangwa isifanye hivyo, lakini ilibidi ipangwe na mtu. Marekani dharura ni 911. Tarehe 1 Desemba 2013, kwenye chumba cha hoteli mjini Marshall, Texas, mwanamke alishambuliwa kwa kisu, na binti yake wa miaka 9 akashika simu ya chumbani akabonyeza 911 kama alivyofundishwa. Haikutoka. Alijaribu mara nne. Simu ya hoteli ilitaka 9 kwanza, na hilo mtoto hakufundishwa. Mama alifariki. Babu wa mtoto alizunguka na kisa hicho hadi Washington, na tarehe 16 Februari 2018 ikasainiwa sheria inayobeba jina la marehemu, Sheria ya Kari: mtambo wowote wa simu wa jengo, uliouzwa au kufungwa baada ya tarehe 16 Februari 2020, lazima uruhusu 911 ipigwe moja kwa moja bila kutangulizwa na chochote.

Sheria hiyo ina kifungu cha pili kisichozungumzwa sana. Mtu akipiga 911 ndani ya jengo, mtambo unatakiwa kumtaarifu mtu fulani wa hapo, mapokezi au chumba cha ulinzi, ili ajue na awapokee waokoaji mlangoni. Sheria nyingine ya mwaka huohuo wa 2018 ikaongeza kwamba pamoja na simu ya dharura iende taarifa ya mahali hasa alipo mpigaji: jengo, ghorofa, chumba. Kwa simu za mezani zilizofungwa mahali pamoja sharti hilo lilianza Januari 2021. Kwa programu za kwenye laptop, ambazo mtumishi anaweza kuzifungua ofisini asubuhi na sebuleni jioni kwa namba ileile, lilianza Januari 2022. Ndiyo maana programu hizo, zikijikuta kwenye mtandao usiofahamika, sasa zinamwomba mtumiaji aandike anwani ya hapo alipo. Na mtaalamu wa TEHAMA, ambaye miaka 10 iliyopita kazi yake ilikuwa kusafisha misimbo ya miji kwenye orodha ya majina, amepewa jedwali jipya la kujaza: kila kituo cha Wi-Fi na kila tundu la waya ukutani, kiko ghorofa gani, mlango namba ngapi.